Kahawa haichukui nafasi ya dawa za kisukari

Mheshimiwa Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lenu ili nijibu maneno yanayozidi kuenea hapa Bukavu, kwamba mgonjwa wa sukari akinywa kahawa chungu kila asubuhi anaweza kupunguza, au hata kuacha, dawa alizoandikiwa na daktari. Sisi wa Kivu Kusini tuna haki ya kujivunia arabika ya Idjwi na Kalehe, iliyolisha familia nyingi, lakini fahari hiyo isimponze mgonjwa.

Maneno hayo yana asili. Uchunguzi wa Uholanzi uliochapishwa mwaka 2002, uliofuatilia watu wapatao 17,000, ulionyesha kuwa waliokunywa vikombe 7 au zaidi kwa siku walipatwa na kisukari cha aina ya pili karibu nusu tu ya waliokunywa vikombe 2 au pungufu. Chunguzi za baadaye ziliona mwelekeo huohuo hata kwa kahawa iliyoondolewa kafeini (kile kichangamsho chake), na ndiyo sababu wataalamu wanaitazama zaidi asidi ya klorojeniki, kemikali nyingine ya asili iliyomo katika kahawa, ambayo kwa bahati mbaya hupungua sana buni zinapokaangwa hadi kuwa nyeusi. Hata hivyo, waliofuatiliwa walikuwa hawajaugua, na hesabu za namna hiyo hazithibitishi kwamba ni kahawa iliyowakinga.

Kwa aliyekwisha kuugua, habari ni nyingine kabisa. Kafeini huamsha adrenalini, homoni ya mshtuko, na, kwa saa kadhaa, huifanya insulini, homoni inayoshusha sukari katika damu, ishindwe kufanya kazi yake barabara. Mwaka 2008 watafiti wa Chuo Kikuu cha Duke, Marekani, waliwapa wagonjwa 10, wote wanywaji wa kahawa, vidonge vya kafeini inayolingana na vikombe vinne hivi. Wastani wa sukari yao ya mchana ulipanda kwa takriban asilimia 8. Wagonjwa 10 ni wachache, nakubali, lakini matokeo hayo yanatosha kumzuia mtu asitupe vidonge vyake. Nasema hayo bila kuhesabu sukari tunayotia wenyewe, kwani vijiko vitatu vya chai ni gramu 12 hivi katika kikombe kimoja.

Simkatazi mgonjwa kahawa. Namsihi aendelee na dawa zake, apime sukari kabla ya kunywa na saa mbili baadaye, kisha ampelekee daktari wake namba hizo. Naomba pia vituo vya afya viwaeleze wazi wanaokuja kupimwa bila kula kwamba kahawa, hata isiyo na sukari, isinywewe kabla ya kutolewa damu.

Wenu mwaminifu,
Msomaji wa Kadutu, Bukavu