Pikipiki ya nyika ya Australia haiandaliwi dukani

Mhariri, salaam nyingi.

Nimesoma ile makala yenu ya kuandaa pikipiki kwa safari ndefu ya nyika ya Australia, picha kali kweli, ila mbona nusu nzima ni maboksi ya alumini na taa za ziada halafu petroli mkaipa sentensi moja? Mimi ni fundi na nipo huku huku Australia, na pikipiki zinazorudi zimebebwa juu ya gari mara nyingi tatizo lao sio kwamba zilikosa vifaa, zilibebeshwa mno.

Tuanze na hiyo petroli. Chukueni njia ya udongo ya Birdsville Track, toka mji mdogo wa Marree mpaka Birdsville ni kilomita 517 na pa kujaza katikati ni Mungerannie tu. Toka Mungerannie kwenda Birdsville zinabaki kama 310 hivi. Sasa Suzuki DR650, ambayo watu wengi huku wanaipenda kwa kazi hii, inatoka kiwandani na tangi la lita 13. Ikila lita 5 kwa kilomita 100 unahitaji lita 15 na nusu, yaani umeshakwama njiani na hapo sijaweka upepo wa mbele, mzigo wala mchanga, na mchanga unakula mafuta balaa. Kwa hiyo kama una hela ya kitu kimoja tu iende kwenye tangi kubwa la plastiki, la lita 20 na kuendelea, taa baadae. Halafu pima ulaji ukiwa umepakia kila kitu na upo njia mbovu, namba uliyoipata kwenye lami haina kazi huku. Jangwa la Simpson ndo usiseme kabisa, ukitoka kituo cha Mount Dare kwenda Birdsville unavuka vilima vya mchanga zaidi ya 1,100 na hakuna pampu hata moja.

Kuna jambo jingine hamkuligusa kabisa: vituo vingi vya ndani vinauza Opal tu, petroli ya oktani 91 (oktani ni kipimo cha petroli kuhimili bila injini kugonga) iliyotengenezwa maalumu ili watu wasiinuse kama kilevi. Haina neno kwa injini za kawaida, ila kama yako inadai 95 ulizia mapema kama ina mpangilio wa oktani ndogo, usisubiri uanze kusikia injini inagonga.

Sasa uzito. Barabara za huko zina migongo midogo midogo kama bati, kilomita mia mbili mfululizo, na kila kilo uliyoongeza inapigwa nyundo siku nzima. Keria za nyuma zinapasuka palepale kwenye weldi, boksi la alumini linang'oka na bawaba zake, na ukianguka mchangani likakulalia mguu utakuja kunikumbuka. Mabegi laini yanatosha. Kipimo changu ni rahisi tu, pakia kila kitu na maji na petroli, ilaze pikipiki chini, inyanyue peke yako mara tatu. Ya tatu ikikushinda rudi kapunguze, maana kule hakuna wa kukushikia upande wa pili.

Kwa nati na bolti, fungua za keria, za ekzosi, za sproketi, safisha, tia gundi ya kuzuia kulegea, kaza, halafu chukua rangi nyeupe uchore mstari mmoja mwembamba uanzie kwenye nati uishie kwenye chuma kilichopo chini yake. Jioni ukisimama unapita na tochi, dakika mbili tu, mstari uliokatika ndo nati inayotembea. Hiki kitu hakina gharama na sijui kwanini hakuna anayekiandika. Ila rangi uipake wiki kadhaa kabla, uende nayo njia mbovu ya karibu wikiendi nzima, kitakachovunjika kivunjike hapo.

Vumbi la kule ni laini kama poda, linajaa kwenye mashimo huoni kina chake, na likiingia injini imekwisha. Chujio la sponji lililolowa mafuta vizuri, grisi kidogo kwenye ukingo linapokaa, na mengine mawili yameshapakwa mafuta kabisa kwenye mfuko wa plastiki ili ubadilishe tu usianze kuosha porini. Baada ya siku ya vumbi pitisha kidole ndani ya ule mpira wa hewa nyuma ya chujio, ukikuta unga unga basi halikukaa sawa.

Tairi nisiseme sana. Tyubu nene, upepo psi 26 hivi kwenye kokoto na 18 mchangani, na ubebe tyubu ya mbele ya inchi 21 maana ukibanwa inaingia hata nyuma, ya nyuma haiingii mbele. Lakini toa tairi nyumbani kwanza kwa vyuma vilevile utakavyobeba! Watu wanabeba vifaa vizuri mno ambavyo hawajawahi kuvitumia. Vipuri vingine vidogo tu, nyaya za klachi na za mafuta (eksileta), wenzo mmoja wa klachi na mmoja wa breki, kiungo cha cheni, beringi za magurudumu, fyuzi, gundi ya chuma, waya.

Maji, chini ya lita 5 kwa siku kwa mtu anayeendesha kwenye joto mimi sikubali, na hizo ni mbali na za akiba. Simu haishiki sehemu kubwa ya njia, kwa hiyo ile bikoni ya dharura ya 406 MHz, kifaa cha kuita msaada kwa setilaiti, iandikishe kwa AMSA, mamlaka ya usalama wa baharini ya Australia, bure, na ikae mwilini kwenye jaketi. Makala yenu iliionyesha imefungwa kwenye begi la nyuma, sasa pikipiki ikitumbukia huko chini na wewe umevunjika mguu huku juu utaifikiaje?

Na tarehe jamani. Jangwa la Simpson linafungwa toka 1 Desemba hadi 15 Machi kila mwaka sababu ya joto, mvua ikinyesha barabara nyingi za udongo zinafungwa na ukipita unapigwa faini, na Great Central Road inapita ardhi za Wenyeji wa asili hivyo vibali unaomba kabla hujaondoka. Msomaji aliyefuata makala yenu akakata tiketi ya Januari atafika akute geti limefungwa.

Naomba toleo lijalo mchape walau jedwali la umbali kati ya pampu na pampu, hata picha moja ya maboksi ikitolewa kupisha nafasi.

Ni mimi msomaji wenu,
Fundi pikipiki, Australia