Tisa zako mbili

Rafiki yangu,

Ile picha ya mkono wako wa poka nimeiona jana usiku, nimeiangalia kama mara tatu hivi, maana najua ukiniandikia "nimeibiwa" lazima kuna kitu umeruka. Na kweli umeruka. Hujaibiwa bwana, ulimfungulia jamaa mlango, ukamwekea kiti, afu unashangaa kabeba kabati.

Tuanze mwanzo. Una 9 ya shupaza na 9 ya uru, umereizi, yaani umepandisha dau, hadi blaindi 3 (blaindi ni dau la lazima la kuanzia), wote wametupa kasoro aliyeweka blaindi kubwa, huyo kakoli, yaani kalipa dau lako. Poti, yaani hela za katikati, ni blaindi 6 na nusu, mbele yako zimebaki 97, na yeye vilevile. Flopu, zile karata tatu za kwanza za mezani ambazo ni za wote, inakuja 9 ya maua, 7 ya kopa, 3 ya kopa. Seti hiyo, tisa tatu! Yaani kwenye jozi ya mkononi hiyo inakuja kama mara moja kwa kila mara nane au tisa, umeisubiri jioni nzima, afu yeye anacheki, yaani anapita bila kuweka hela, na we unacheki. Eti usimtishe.

Sasa nikuulize, nani angetishika? Mwenye kitu hapo hatishiki, mwenye 7 atakoli, mwenye jozi ya kumi atakoli, mwenye kopa mbili ndo kabisa huwezi kumng'oa hata kwa winchi. Na asiye na kitu hana cha kukupa hata ukimbembeleza mpaka asubuhi. Umemficha mkono nani?

Jamaa alikuwa na J na 5 za kopa, anahitaji kopa moja tu zaidi mezani apate flashi, karata tano za alama moja, na hiyo inaipiga seti yako. Kopa zilizobaki kwake ni 9 katika karata 47 ambazo hazijui, yaani kadi moja inayofuata anapata kama mara moja kwa tano, ni asilimia 19. Ungebeti poti nzima pale, anatakiwa aweke 6 na nusu ili ashinde 13, hiyo inamlipa tu kama anapata mara moja kwa tatu. Kwa hiyo kila akikoli unakula hela yake taratibu hata zile siku ambazo kopa inatoka. We ulimpa kadi ya bure. Bure kabisa! Ikaja 2 ya kopa.

Hapo kwenye kadi ya nne ndo ukakumbuka una mkono mkali, yeye kabeti 4 we ukareizi hadi 14. Sawa, sikulaumu sana hapo, maana hata kama ana flashi bado una karata 10 za kukupa ful hausi (tatu za namba moja na mbili za nyingine) au tisa zote nne, na hizo zinaipiga flashi, kama asilimia 22. Ila riva, kadi ya tano na ya mwisho, imekuja 4 ya uru, haikukupa kitu, mtu ambaye jioni nzima amekuwa mpole anasukuma zote 83 kwenye poti ya 34 na nusu na we unakoli ndani ya sekunde mbili, nimeona saa yako kwenye picha. Kwenye meza za dau dogo hizi mtu akisukuma hivyo riva hadanganyi, au anadanganya mara chache sana. Ile ilikuwa hasira ya flopu unaimalizia riva.

Lakini kinachoniuma zaidi si hata hizo ulizopoteza, ni zile ambazo hutazipata kila ukicheza hivi, na hii ndo kitu nataka uishike. Chukua kalamu. Poti 6 na nusu, tuseme 7. Ukibeti poti nzima flopu ni 7, akikoli inakuwa 21. Kadi ya nne ukibeti 21 inakuwa 63. Riva unabeti 63. Jumla umemtoa 91, karibu kila alichonacho. Sasa ruka flopu, jifanye mjanja: unabeti 7, halafu 21, basi, umepata 28. Unaona? Umecheki mara moja tu lakini hujapoteza ile 7, umepoteza 63, kwa sababu poti ilianza kukua imechelewa. Mi nilipoiandika kwenye karatasi mara ya kwanza nilikaa kimya dakika nzima.

Na usifikiri naongea kama mtakatifu. Mi nilikuwa mtu wa kuficha esi (A) mbili. Esi mbili zinakuja mara moja kwa mikono 221, kwa hiyo mezani kwa mtandao pa watu sita, mikono kama 70 kwa saa, unasubiri saa tatu hivi, zikifika nazikolia tu kimyakimya nikicheka peke yangu, watano wanaingia kwa bei ya chee. Dhidi ya mtu mmoja mwenye karata zozote esi zinashinda kama mara 85 kwa 100. Dhidi ya watano zinashuka hadi kama 49. Nilikuwa nashika mkono bora kuliko yote na naugeuza kuwa shilingi inayorushwa juu, afu nalaumu programu inachezea karata, si unakumbuka nilivyokusumbua na hiyo hadithi.

Ila sikwambii usifiche kamwe. Una Q mbili na flopu ni Q, Q, 5? Cheki, nenda kachemshe chai, hakuna aliyebaki na kitu, mwache apate jozi yake. Au yule mtu anayebeti kila kadi mwenyewe bila kuombwa, huyo mwache apige ngoma yake, we koli tu. Hata K mbili kwenye K, 7, 2 za aina tatu tofauti unaweza kucheki mara moja, ingawa mi hapo bado nabeti kidogo, theluthi ya poti, kwa vile kwenye mtandao watu wanakoli kwa kuchoka tu, kidole kiko pale pale kwenye kitufe. Uso hawauoni, kwa hiyo ule uigizaji wa kuonekana mnyonge hauna mtazamaji.

Flopu yenye kopa mbili na 9 na 7 si mahali pa hayo.

Nitumie na ule wa kingi mbili uliosema ulifoldi, yaani ulitupa, kabla ya flopu, huo naogopa hata kuufungua.

Ni mimi, mwenye esi zilizokatwa miguu