Shukrani kwa kaka wa foleni ya kuprinti, Kariakoo

Kaka yangu, sikukuuliza jina, nisamehe. Jumanne ile nilikuwa na picha 20 za wavuvi wa soko la Feri kwenye flashi, nataka kuziprinti zote kwa mkupuo. Ukachungulia skrini, ukaniambia, "Dada, toa moja kwanza uione." Nikatoa. Mzee aliyebeba jodari alikuwa giza tupu, uso hauonekani kabisa! Ukanieleza kuwa skrini ina mwanga wake, karatasi haina, ndiyo maana picha hutoka nyeusi kuliko tulivyoizoea. Ukapandisha mwanga kwenye vivuli kidogo kidogo, mpaka mikunjo ya paji lake ikajitokeza. Picha tatu nilikuwa nimejitumia kwa WhatsApp, zikabanwa na kupoteza pikseli, yale madoa madogo yanayounda picha. Ukanirudisha nyumbani nikatafute faili halisi kwenye kamera, maana A4 ya pikseli 300 kwa inchi inataka pikseli 2480 kwa 3508. Karatasi isiyong'aa tulichagua pamoja, na zamu yako ikakupita hivyo hivyo.

Albamu ninayo mkononi. Yule mzee anaonekana hadi mvi za ndevu. Asante sana, kaka. Mungu akuzidishie.