Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka

Ndugu wanachama, wazee wetu, akina mama na vijana,

Habari za fedha mtazisikia kwa mweka hazina. Mimi niseme tu kwamba ada zinaingia kwa kuchelewa kama ilivyo desturi yetu, na misiba haijawahi kungoja ada. Nafasi yangu nitaitumia kwa jambo lililotuchukulia jioni nyingi za vikao mwaka huu, yaani habari za Issei, Wajapani wa kizazi cha kwanza waliohamia ng'ambo, maana ndizo zilizozaa azimio mtakalolipigia kura leo.

Baadhi yenu mliuliza, na mlikuwa na haki, Wajapani wanahusiana nini na chama cha Waswahili wa California. Wanahusiana kwa sababu walipita hapa kabla yetu, wakaanzisha vyama kama hiki, na vyama hivyo vilikutana na mambo ambayo sisi hatujayaona.

Safari yao ilianzia kwenye miwa. Mwaka 1868 watu wapatao 150 walipelekwa Hawaii. Kisha Februari 1885 meli ya City of Tokio ikatia nanga Honolulu na kundi la kwanza lililokwenda kwa makubaliano ya serikali mbili. Mkataba ulikuwa wa miaka mitatu, na huko mashambani mfanyakazi alivaa kipande cha chuma chenye namba, kilichoitwa bango. Karani wa mishahara aliijua namba kuliko jina. Wengi walitoka Hiroshima na Yamaguchi, na nia yao ilikuwa kuchuma na kurudi. Hapo kikao kilicheka sana, kwani nani kati yetu hakuja "kwa muda mfupi tu"? Wengine walielekea Peru mwaka 1899 na Brazil mwaka 1908, ila hao tumewaacha kwa mwaka ujao.

Lililonivutia zaidi ni vyama vyao. Watu wa mkoa mmoja wa Japani waliunda kenjinkai, wakasaidiana kutafuta kazi, kuuguza na kuzika. Mikopo ya benki ilikuwa migumu kwao, basi wakacheza tanomoshi. Kila mmoja anatoa fungu lake, na kwa zamu mmoja anachukua chote. Ni upatu wenyewe, mama zangu, hauhitaji maelezo. Fedha hizo zilifungua maduka na nyumba za wageni, zikakodi mashamba.

Nasema zikakodi, kwa kuwa kununua kulizuiwa. Sheria ya California ya 1913 iliwanyima ardhi wageni "wasiostahili kuwa raia", na ukodishaji ukawekewa kikomo cha miaka mitatu. Mwaka 1920 hata huo ukafungwa. Wazazi wengi wakaandikisha mashamba kwa majina ya watoto wao, Nisei, waliokuwa raia kwa kuzaliwa. Na hawa wageni wasiostahili walikuwa akina nani? Takao Ozawa aliishi Marekani miaka mingi, akasoma Chuo Kikuu cha California huko Berkeley, akalea watoto wake kwa Kiingereza. Novemba 1922 Mahakama Kuu ilimkatalia uraia kwa kuwa si mzungu. Sheria ya wakati ule ilikubali wazungu na, tangu 1870, watu wenye asili ya Afrika. Tafakarini hilo: kwenye karatasi, mzaliwa wa Bagamoyo angeweza kuomba uraia, Ozawa asiweze. Jinsi mtu mweusi alivyotendewa nje ya karatasi hiyo, mnajua wenyewe.

Sasa nifike kwenye jambo linalonikosesha usingizi. Baada ya Japani kuishambulia Pearl Harbor, kambi ya jeshi la majini la Marekani huko Hawaii, Desemba 1941, polisi wa upelelezi walikuwa tayari na orodha. Waliokamatwa mwanzo ni viongozi wa vyama, walimu wa Kijapani na makasisi wa Kibudha. Watu wa cheo changu na cha katibu. Familia zikachoma barua, picha na vitabu vya kumbukumbu kabla mlango haujagongwa. Ndiyo maana mtu anayetafuta leo habari za kenjinkai fulani mara nyingi hukuta pengo. Halafu ikaja amri ya Rais Roosevelt ya Februari 1942, na watu wapatao 120,000 wenye asili ya Japani wakahamishiwa kambini, wengi wao raia. Humo kambini, mwanzoni, Issei hawakuruhusiwa hata kugombea nafasi za uongozi.

Aprili tulikwenda Manzanar, mojawapo ya kambi hizo, hapa California. Wasioweza kusafiri waliona picha. Niongeze habari ya mpiga picha mmoja wa humo, Toyo Miyatake, mzaliwa wa Japani, aliyeingiza lenzi kwa siri na kutengenezewa kamera ya mbao, kwa sababu aliona ni wajibu wake kuacha ushahidi. Issei waliruhusiwa kuomba uraia mwaka 1952. Fidia ya dola 20,000 kwa kila aliyefungwa kambini na bado yu hai ilianza kulipwa Oktoba 1990, na wa kwanza kupokea, mchungaji Mamoru Eto, alikuwa na miaka 107. Issei wengi walikuwa wameshakufa.

Azimio la kamati, basi, lina sehemu mbili. Kwanza, mihtasari yetu yote tangu chama kuanza inakiliwe, na nakala ziwekwe zaidi ya mahali pamoja, na mahali pamojawapo pawe nje ya nchi hii. Pili, wazee wetu wahojiwe na kurekodiwa kwa Kiswahili, kila mmoja akiamua mwenyewe nani asikilize na lini. Wako wanaopinga wakisema kumbukumbu hizo zitakuwa orodha ya majina yetu, na orodha ikiwepo inaweza kuangukia mikono mibaya. Hoja hiyo ina uzito, na nimeomba wapewe nafasi ya kuzungumza kabla ya kura. Mimi naunga mkono azimio, lakini kwa sharti kwamba anwani na hali ya uhamiaji ya mtu yeyote visiandikwe popote.

Fomu za ridhaa ziko kwa katibu. Namkaribisha mweka hazina asome hesabu.