Dada, mpeleke na mdogo wake

Dada yangu,

Simu hupokei, ujumbe unausoma na kunyamaza, basi naandika hapa hapa hadharani.

Unajua nani alikesha nawe wodini siku mtoto alipofanyiwa upasuaji wa kaakaa. Lakini ile jioni ya arobaini ya Baba imenikaa kooni. Mtoto alikuja sebuleni kaziba jicho moja kwa kiganja, akasema, "Mama, naona pazia jeusi linapanda." Nikasema apelekwe hospitali usiku ule ule. Ukanijibu mbele ya mashangazi: "Acha kumchuria mwanangu." Ukamvua miwani, ukamtuma akalale. Mlipofika kwa daktari wiki iliyofuata, retina, utando wa nyuma ya jicho unaopokea mwanga, ilikuwa imebanduka karibu yote.

Na Baba je? Jicho lake la kushoto lilizimika tukiwa wadogo, tukaambiwa karogwa. Magoti yalimwisha mapema, na ukimwita kwa nyuma haitiki. Macho, masikio, magoti, kaakaa la mjukuu: tulidhani ni mikosi mbalimbali, kumbe ni ugonjwa mmoja. Unaitwa Stickler, jina la daktari wa Marekani aliyeueleza mwaka 1965. Kolajeni, protini inayoushikilia mwili, hutengenezwa ikiwa na kasoro, nayo imo kwenye ute wa ndani ya jicho, kwenye sikio la ndani na kwenye gegedu za maungio. Madaktari wengi hawajawahi kukutana nao. Huyu anaandika miwani, yule anatibu goti. Kwa hilo sikulaumu hata kidogo.

Nakulaumu kwa huyu binti, mdogo wake. Mzazi akiwa na jeni yenye kasoro hiyo, kila mtoto ana uwezekano wa asilimia 50 kuirithi. Anaangalia televisheni pua inakaribia kugusa kioo, nawe unasema atakua tu. Retina ikikaguliwa mapema, bingwa anaweza kuiimarisha pembezoni kwa leza au baridi kali kabla haijachanika. Na akiona vimulimuli, vidoa vingi vya ghafla au lile pazia, ni hospitali siku hiyo hiyo.

Wanasema naingilia nyumba ya watu. Mimi ni mjomba wao, na nilisema mapema, mashangazi wote walisikia. Nilinyamaza lini?

Mimi nimeshapimwa, sinao. Si ujanja wangu, wala si kosa lako kuurithi. Jumatatu nakuja, nauli ninayo. Msuke binti nywele, mengine niachie. Na wewe uvae viatu twende wote, maana kitu hiki kimetoka kwa Baba kikapitia kwako, na macho yako hayajaangaliwa na mtu.