Barua kwa Mwanangu: Usisubiri Tumbo Lionekane

Mwanangu mpendwa,

Nakusalimu kwa mapenzi mengi, wewe na mumeo. Habari mliyonipa imenijaza furaha, na ninamshukuru Mungu kwa ajili yenu. Hata hivyo, kuna jambo ulilolisema kwa wepesi kabla hatujaagana ambalo sikutaka lipite hivi hivi: kwamba utaanza kliniki tumbo likishaonekana, kwa sababu kwa sasa huumwi popote na huoni cha kwenda kupimwa. Nimeamua kukuandikia badala ya kukueleza kwa simu, ili uyasome maneno haya kwa utulivu na mumeo naye ayasome. Miaka yote niliyofanya kazi ya ukunga imenifundisha kwamba wiki hizi za mwanzo, ambazo kwa nje hakuna anayejua kitu, ndizo ambazo kliniki ina mambo ya kukufanyia ambayo ukichelewa hayafanyiki tena kwa ukamilifu.

Ninakuomba uanze wiki hii. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2016, lilishauri mjamzito aonane na mhudumu wa afya angalau mara 8, na mara ya kwanza isivuke wiki ya 12. Baada ya hapo huja wiki ya 20, ya 26, ya 30, ya 34, ya 36, ya 38 na ya 40. Kumbuka kwamba wiki hizo hazihesabiwi tangu siku ulipopima ukajua, bali tangu siku ya kwanza ya hedhi yako ya mwisho, na kwa hiyo mwanamke anayekosa siku zake kwa mara ya kwanza huwa tayari yumo katika wiki ya nne au ya tano. Wiki 12 si muda mrefu kama unavyosikika.

Najua mazoea ya kusubiri mwezi wa nne au wa tano yana mizizi yake, na sehemu ya mizizi hiyo imo katika tiba yenyewe. Mwaka 1929 Wizara ya Afya ya Uingereza ilitoa ratiba iliyomtaka mjamzito aonwe kwa mara ya kwanza katika wiki ya 16, kisha ya 24 na ya 28, halafu kila wiki mbili hadi ya 36, na baada ya hapo kila wiki. Ratiba hiyo ilienea ikatumika kwa miongo mingi. Lakini ilitungwa wakati ambapo hapakuwa na utrasaundi, penisilini ilikuwa haijaanza kutumika kutibu wagonjwa, na hakuna aliyejua kwamba foliki, ile vitamini ya vidonge vya wajawazito, ina kazi gani kwa mtoto aliye tumboni.

Hiyo foliki nianze nayo. Mfereji unaokuja kuwa ubongo na uti wa mgongo wa mtoto hujifunga takribani siku ya 28 baada ya mimba kutungwa, yaani karibu na wiki ya sita kwa hesabu ya kliniki. Usipojifunga sawasawa, mtoto huzaliwa na mgongo wazi au kasoro nyingine iliyo mbaya zaidi. Utafiti mkubwa uliochapishwa mwaka 1991, uliohusu wanawake waliokwisha kupata mtoto mwenye kasoro hiyo, ulionyesha kwamba waliotumia foliki kabla ya mimba na katika wiki za mwanzo walipunguza uwezekano wa kasoro kujirudia kwa zaidi ya asilimia 70. Ndiyo maana tunashauri mikrogramu 400 kwa siku, ikiwezekana kuanzia kabla ya mimba. Kama umekwisha kuipita wiki ya sita, usivunjike moyo wala usiache kuomba vidonge hivyo, kwa sababu bado vinahitajika, na pamoja na vile vya madini ya chuma vinakusaidia kutengeneza damu kwa ajili ya watu wawili.

Jambo la pili ni tarehe, na hapa wengi hudharau. Mimba huhesabiwa siku 280 tangu siku ya kwanza ya hedhi ya mwisho, lakini hesabu hiyo huyumba kwa mwenye mzunguko usiotulia au asiyekumbuka siku zake vizuri. Utrasaundi katika miezi mitatu ya kwanza hukisia umri wa mimba ukakosea kwa siku tano hadi saba tu, kwa kuwa watoto wote katika umri huo hukua karibu sawa. Ukipimwa katika miezi mitatu ya mwisho, kosa linaweza kufika wiki tatu au kuzidi, maana wakati huo mmoja ni mkubwa na mwingine ni mdogo kwa maumbile yao. Nimekaa na wanawake waliokuja mwishoni kabisa, tumbo likiwa dogo, nami sikuweza kuwajibu swali lao: mtoto huyu amedumaa tumboni na anahitaji kuokolewa, au ni hesabu tu iliyokosewa? Vivyo hivyo kwa mimba inayosemekana imepitiliza wiki ya 41, ambapo uamuzi wa kuanzisha uchungu hutegemea tarehe ambayo haikuwekwa mapema.

Umesema huumwi popote. Mwanangu, presha haiumi. Na kuna jambo kuhusu presha ambalo ningependa kila mjamzito alijue: katikati ya mimba presha ya mwanamke kwa kawaida hushuka. Kwa hiyo mtu aliyekuwa na presha ya juu hata kabla ya mimba, akija kwa mara ya kwanza katika mwezi wa tano, anaweza kuonekana mzima kabisa, kisha ipande mwezi wa saba nasi tusijue kama ni ugonjwa wa zamani au ni kifafa cha mimba kinachoanza. Kifafa cha mimba hujitokeza baada ya wiki ya 20, na dalili tunazozitafuta ni presha inayofika 140/90 na protini kwenye mkojo. Zikipatikana, kipimo cha mwanzo ndicho tunacholinganisha nacho. Tena, kwa baadhi ya wanawake walio katika hatari zaidi, daktari huanzisha dozi ndogo ya aspirini kuanzia wiki ya 12, vizuri zaidi kabla ya ile ya 16, ili kupunguza uwezekano wa tatizo hilo. Usijianzishie dawa hiyo mwenyewe. Kazi yako ni kufika mapema ili swali hilo liulizwe kwa wakati.

Utakapopimwa presha, keti dakika chache kwanza upumzike, egemeza mgongo, weka nyayo zote mbili sakafuni bila kukunja miguu, mkono ulio wazi ukiwa umelazwa juu ya meza usawa wa moyo, na usizungumze mashine ikifanya kazi. Ukiona unapimwa ukiwa umesimama, au mkanda umefungwa juu ya sweta, omba kwa heshima upimwe upya. Ni haki yako.

Kisha watachukua damu. Wataangalia wingi wake, kwa kuwa chini ya gramu 11 kwa desilita katika miezi mitatu ya kwanza huhesabiwa kuwa upungufu, na upungufu ulioonekana sasa una miezi ya kutibiwa, ilhali ulioonekana wiki ya 37 hauna muda. Wataangalia kundi la damu. Ukiwa Rh hasi, yaani damu yako haina protini iitwayo Rh, na mumeo akawa chanya, yaani anayo, kuna sindano inayochomwa kwenye wiki ya 28 na nyingine ndani ya saa 72 baada ya kujifungua iwapo mtoto ni chanya, ili mwili wako usijenge kinga inayoshambulia damu ya watoto watakaofuata. Watapima pia VVU, kaswende na homa ya ini aina B. Usikasirike wala usidhani umeshukiwa, kwa kuwa kila mjamzito hupimwa. Kaswende inaweza kumkaa mwanamke bila kumuumiza hata kidogo huku ikimuua mtoto tumboni, na tiba yake ni sindano ya penisilini. Mama mwenye VVU asiyepata dawa humwambukiza mtoto kwa asilimia 15 hadi 45, lakini akianza dawa mapema na kuendelea nazo hadi mwisho wa kunyonyesha, kiwango hicho hushuka chini ya asilimia 5. Mumeo apimwe nawe siku hiyo hiyo. Chanjo ya pepopunda, na kinga ya malaria kwa wanaoishi penye malaria, ambayo huanza wiki ya 13, utaelezwa huko huko.

Waambie pia kila dawa unayotumia, hata ya chunusi, hata ya miti shamba. Viungo vikuu vya mtoto huumbika katika wiki hizi hizi, na baadhi ya dawa za kifafa, za presha na za chunusi zinaweza kumdhuru. Usiache dawa ya daktari kwa hofu peke yako, nenda ukabadilishiwe.

Ninahisi kuna sababu nyingine ambayo hukuitamka: unaogopa habari ienee kabla mimba haijatulia. Hofu hiyo naielewa na siicheki. Mimba nyingi zinazoharibika huharibika kabla ya wiki ya 12, mara nyingi kwa sababu ya kasoro katika kromosomu, yaani vibeba urithi vya mtoto, iliyotokea tangu mwanzo, wala si kwa kupimwa, kutembea au kujulikana. Mkunga anafungwa na siri ya kazi yake. Na kama mimba imetunga nje ya kizazi, ni katika wiki hizi ambapo tunaweza kuigundua kabla haijapasua mrija na kuhatarisha maisha yako. Ukikutana na mhudumu mwenye ulimi mkali, nenda kituo kingine au rudi siku nyingine, lakini usikate mguu. Nimeona wanawake wengi wakipotea kliniki kwa sababu ya neno moja la karipio, na huo ni uovu wetu sisi watumishi, si wao.

Ukishaandikishwa usiingoje tarehe ya kadi iwapo utatokwa na damu, utapata maumivu makali ya tumbo, hasa ya upande mmoja pamoja na kizunguzungu, au homa. Baadaye, ongeza kwenye orodha hiyo kichwa kinachouma bila kuachia, macho kuona ukungu, uso na mikono kuvimba ghafla, maji kuvuja, na mtoto kupunguza kucheza. Nenda siku hiyo hiyo, hata kama ni usiku.

Leo tafuta tarehe ya kwanza ya hedhi yako ya mwisho uiandike, pamoja na majina ya dawa zako na magonjwa ya ukoo. Presha ya bibi yako usiisahau. Mahudhurio ya kwanza huchukua muda mrefu, kwa hiyo omba ruhusa ya siku nzima kazini. Ukirudi, nipigie unisomee presha yako, wingi wa damu, na tarehe ya makadirio waliyokuandikia.

Akupendaye daima,
Mama yako