Barua kwa Mwanaidi kabla ya kipindi chake cha kwanza

Tanga

Mpendwa Mwanaidi,

Assalaam aleikum. Natumai hujambo, na mama naye anaendelea vizuri na mguu wake. Sisi huku tuko salama, Alhamdulillahi, ila joto la mwaka huu halisemeki.

Ujumbe wako nimeusoma kwa furaha kubwa. Kumbe hatimaye kituo kimekubali kukupa kipindi cha vitabu, tena cha walioandika historia na siasa! Umeniomba nikutajie watangazaji wa kuwatazama kabla hujaanza. Ninaye mmoja tu, na kwa kuwa ujumbe wa simu haumtoshi, nakuandikia barua.

Mtafute Brian Lamb. Ni Mmarekani wa Lafayette, Indiana, ndiye aliyeanzisha C-SPAN mwaka 1979, kituo cha kebo kinachoonyesha vikao vya Bunge la Marekani mwanzo hadi mwisho, bila tangazo la biashara hata moja. Tarehe 2 Aprili 1989 akaanza kipindi alichokiita Booknotes. Kilikuwa cha Jumapili usiku, saa nzima, mwandishi mmoja na kitabu kimoja. Mgeni wa kwanza alikuwa Zbigniew Brzezinski, aliyekuwa mshauri wa usalama wa Rais Carter, na kitabu chake kilihusu kuzaliwa na kufa kwa ukomunisti. Novemba ya mwaka uleule Ukuta wa Berlin ukafunguka. Kipindi kikaendelea hadi Desemba 2004, na kilipofungwa walikuwa wamepita waandishi 801. Vitabu vyao Lamb alivisoma mwenyewe, wiki baada ya wiki, kwa zaidi ya miaka 15.

Hapo kwenye kusoma ndipo ninapotaka tukae kidogo, maana naogopa watakubana hapohapo. Unajua mambo yanavyokwenda: mtangazaji anakabidhiwa kitabu asubuhi ya kurekodi, anapitia maelezo ya nyuma ya jalada akiwa anapakwa poda, kisha anamkaribisha mgeni na kumuuliza nini kilimsukuma kuandika na ana ujumbe gani kwa vijana. Mgeni, ambaye pengine amekaa miaka na nyaraka, anatoa yaleyale aliyoyasema redioni juzi. Muda umekwisha, tunakwenda kwenye taarifa ya habari. Huwa inaniuma sana kuona mtu aliyechimba jambo kwa miaka mingi akiagwa kabla hajaulizwa hata swali moja kutoka ndani ya kitabu chake.

Lamb alikuwa anasoma akiwa na kalamu mkononi. Vitabu vyake vya Booknotes alivitoa kwa Chuo Kikuu cha George Mason kule Virginia, na ndani ya majalada na kwenye kurasa tupu kumejaa mwandiko wake: majina, namba za kurasa, mambo ya kuuliza. Ukimtazama studioni unaona matunda ya kazi hiyo. Mwandishi anapotaja mtu kwa kupita tu, Lamb anamrudisha: huyo ni nani? Mliwahi kuonana? Alikubali vipi kuzungumza nawe? Anauliza aliyetabarukiwa kitabu ni nani. Anauliza picha ya kwenye jalada ilipatikana wapi. Anauliza baba yako alikuwa anafanya kazi gani. Mara nyingi swali halizidi pumzi moja, kisha ananyamaza. Hashindani na mgeni kwa kujua, ingawa anajua. Mtazamaji aliyekaa nyumbani hajawahi kukiona kitabu, na Lamb anauliza kwa niaba yake.

Wapo wanaoyaona maswali hayo ni ya kitoto. Mimi siwaafiki hata kidogo. Tazama mahojiano ya mwaka 1994 na Forrest McDonald, mwanahistoria wa katiba na urais wa Marekani, profesa wa Alabama, mzee mwenye heshima zake. Lamb anamuuliza jinsi anavyoandika. McDonald anaeleza kuwa anaandika kwa mkono, nyumbani kwake shamba, mahali palipojitenga ambapo jirani haoni kitu. Na kwa kuwa Alabama kuna joto sehemu kubwa ya mwaka, huandika akiwa hana nguo. Anasema kwa utulivu kabisa, kama anayeeleza anavyokunywa chai. Watu wengi wamelikumbuka jibu lile kuliko hoja zake zote juu ya madaraka ya rais. Lakini mimi niliposikia lile nikataka kumsikiliza na kwa yale mengine, kwa sababu profesa sasa alikuwa mtu. Ana baraza, ana joto, ana karatasi mapajani.

Shelby Foote naye, aliyeandika juzuu tatu za Vita vya Wenyewe kwa Wenyewe vya Marekani kwa muda wa miaka 20, alikuwa akitumia kalamu ya kuchovya wino. Mwaka 2001 C-SPAN walikwenda nyumbani kwake Memphis wakakaa naye hewani saa tatu nzima, watazamaji wakipiga simu kumuuliza. Hebu fikiria, Mwanaidi, saa tatu! Ukimaliza kutazama unaelewa kwamba historia inaandikwa na mtu aliyekaa kitini anachagua sentensi, na kwa hiyo unaweza kumuuliza kwa nini alichagua hii akaiacha ile. Mwanafunzi anayekariri tarehe shuleni hapewi nafasi ya kulijua hilo.

Ila yanayonigusa kuliko yote ni mazungumzo na Neil Sheehan, ya mwaka 1988, kabla hata Booknotes haijapata jina. Ndiyo yaliyokizaa kipindi. Sheehan alikuwa mwandishi wa habari Vietnam. Juni 1972 alihudhuria mazishi ya John Paul Vann, Mmarekani aliyekuwa mshauri wa kijeshi huko Vietnam, kwenye makaburi ya Arlington, akawaona pamoja, mbele ya jeneza moja, watu waliokuwa wakigombana juu ya vita ile. Akaona kwamba kwa kumwandika marehemu yule mmoja angeweza kuiandika vita nzima. Alidhani ni kazi ya miaka michache. Ilimchukua miaka 16. Katikati alipata ajali mbaya ya gari, fedha zikamwishia, akawa anafanya kazi usiku wakati wengine wamelala. Kitabu kilipotoka, Lamb alimweka kitini kwa jumla ya saa mbili na nusu, akazigawa sehemu tano za nusu saa. Hakuna mtangazaji wa habari za jioni ambaye angempa mtu huyo zaidi ya dakika nane. Ninapowaza miaka 16 kwa dakika nane, naona ni dhuluma, na nataka kipindi chako kiwe mahali ambapo dhuluma hiyo haifanyiki.

Utaniambia fedha. Najua. C-SPAN ililipwa na kampuni za kebo, senti chache kwa kila nyumba iliyounganishwa, hivyo hakuna mfanyabiashara wa sabuni aliyekuwa anamsubiri Lamb anyamaze. Ninyi mnaye huyo wa sabuni. Basi pigania jambo moja: matangazo yote yakae mwanzoni na mwishoni, katikati muachiwe. Mwandishi akishaanza kueleza alivyoipata barua fulani kwenye masanduku ya Maktaba ya Taifa, ukimkata hata kwa dakika mbili, akirudi uzi umekatika na sauti yake imebadilika. Wakikunyima saa nzima chukua dakika 40 zisizokatwa, ni bora kuliko 60 za vipande. Na studio yako isiwe na mapambo mengi. Lamb na mgeni wake walikaa mbele ya giza tupu, ukawa huna pa kuangalia ila uso wa anayesema.

Alikuwa na sharti jingine ambalo lilinishangaza mwanzoni: mwandishi hurudi mara ngapi? Harudi. Mara moja tu. David McCullough alikuja mwaka 1992 na kitabu chake juu ya Rais Truman. Alipotoa kingine juu ya John Adams mwaka 2001, kikauzwa mno, Booknotes haikumwita tena. Nimelifikiria sana sharti hili nikaona lina hekima kwa nchi kama yetu, ambako nyuso ni zilezile kila kituo. Watakusukuma umwite tena yule anayechekesha. Ukiwa na sharti lililoandikwa, huhitaji kugombana na mkuu wako wa vipindi.

Sasa nifike mahali ambapo mimi na Lamb tunaachana. Kwenye kiti kilekile alichowakalisha wanahistoria aliwakalisha na wanasiasa walioandika vitabu: Richard Nixon mwaka 1992, Margaret Thatcher mwaka 1993, Mikhail Gorbachev mwaka 1996. Aliwauliza kwa upole uleule. Kwa mwanahistoria upole huo ni ufunguo. Kwa mtu aliyetawala, anayeandika juu ya utawala wake mwenyewe, mara nyingine upole unamwachia mlango wa kutokea. Mwanasiasa amezoea kuulizwa kwa ukali, ana majibu ya ukali tayari, kwa hiyo silaha yako si kupandisha sauti. Silaha yako ni ukurasa. Umesema ukurasa wa 112 kwamba hukupata taarifa, na ukurasa wa 140 unaeleza kikao ulichokiongoza wewe, nisaidie kuelewa. Hapo hatakiwi kujitetea dhidi ya mtangazaji, anatakiwa kujibu kitabu chake. Soma faharasa kabla hujaanza sura ya kwanza, uone ni jina gani ulilolitarajia halimo kabisa. Kisha uliza kwa nini halimo, ukae kimya mpaka ajibu, hata kama mtu wa sauti anakupungia mkono.

Na usichelewe. Mzee Mkapa alizindua kitabu cha maisha yake Dar es Salaam Novemba 2019. Julai 2020 alifariki. Kwa hiyo nafasi ya kumkalisha mbele ya kamera na kitabu chake mkononi, ukurasa kwa ukurasa, ilikuwa miezi minane tu. Mzee Mwinyi alitoa cha kwake Mei 2021, na Februari 2024 naye akatangulia, Mungu awarehemu wote. Kila mmoja wao alikuwa na mambo ambayo kitabu kiliyagusa tu kikapita. Mkapa aliandika kwa Kiingereza, na kuna mamilioni ya watu walioongozwa naye miaka 10 ambao hawatakisoma kamwe. Saa moja ya mahojiano kwa Kiswahili, na mtu aliyekisoma chote, ndiyo ingekuwa njia yao ya kukifikia. Ndiyo maana nasema kipindi chako ni kikubwa kuliko wanavyodhani waliokupangia saa nne usiku.

Wasifikirie marais peke yao. Yupo mwalimu mstaafu aliyeandika historia ya chama cha wafanyakazi wa bandari, kachapisha kwa fedha zake, nakala ziko chini ya kitanda. Yupo aliyeandika juu ya mashamba ya mkonge ya huku kwetu, akahoji manamba wa mwisho waliobaki hai. Kwenye uzinduzi wa vitabu vya watu hao mabalozi hawaji, lakini wao ndio watakaokupa saa nzuri kuliko zote, kwa sababu hakuna aliyewahi kuwauliza, na majibu yao hayajachakaa. Lamb alifanya hivyo pia: wiki moja mtu mashuhuri, wiki nyingine profesa asiyejulikana nje ya idara yake, na wote walipewa saa ileile.

Rekodi zake zipo kwenye intaneti bila malipo. Hifadhi ya video ya C-SPAN ilianzia Chuo Kikuu cha Purdue mwaka 1987, na nyingi zina maandishi ya kila kilichosemwa. Bando likiwa dogo, soma hayo maandishi, maana urefu wa maswali utauona kwa macho: mstari mmoja wa Lamb, aya nzima ya mgeni. Jipime hivyo na wewe. Baada ya kurekodi kipindi chako cha kwanza, mpe kijana wa ofisini ayaandike yote, uone umesema mangapi wewe na mangapi mgeni.

Ukishajua mwandishi wa kwanza ni nani, niletee jina la kitabu mapema. Nitakitafuta hapa mjini, nikikikosa utanitumia kwa basi, nami nitakisoma pamoja nawe na kukuandikia maswali yangu na namba za kurasa. Kama ni kile kinene cha vita vya Kagera ulichokitaja, usinipe chini ya wiki mbili. Na tafadhali uwaambie wakupe chako mwenyewe cha kuandikia pembeni, si cha kuazima.

Nisalimie mama na wanao. Hapa wote wanakusalimu.

Wako akupendaye,
Salma